Shangazi Ermina Alimsubiri Marehemu

Shangazi yangu Ermina Joachim alikuwa mfunga mlango wa Bunge kwa miaka thelathini na moja. Usicheke. Kwenye kisiwa chetu hiki cha Karibea mawaziri wakuu wamepita sita, Shangazi yuleyule, na viatu vyake vya kanisani vinavyolia kwi-kwi. Kengele ya kura ikilia, anahesabu dakika tano, halafu anazungusha ufunguo. Uliyebaki nje, pole. Aliwahi kumfungia nje waziri aliyechepuka kufuata ndizi mbichi na samaki wa chumvi. Jamaa akagonga mpaka akakaribia kulia.

"Baba, mlango hauna chama," Shangazi akamjibu kupitia tundu la ufunguo. "Kula ushibe."

Mtu mmoja tu ndiye aliyemlegeza: Mzee Theophilus Cadette, mbunge wa kijijini kwetu, upande wa serikali. Mguu mbovu, fimbo, ngazi ishirini na mbili ambazo Waziri Mkuu wa chama chake alikataa kuziwekea hata kishikio. Shangazi akisikia ko, ko, ko, anamshikia mlango. Spika akamwandikia barua: ukirudia, kazi huna. Kisha Mzee Cadette akafariki, tukadhani yameisha.

Kifo chake kikaiacha serikali na wabunge saba. Vyama viwili vya upinzani, ambavyo jana tu vilikuwa vinatukanana mtandaoni, vikaoana ghafla, jumla wanane. Wakaleta kura ya kutokuwa na imani.

Alhamisi saa nne asubuhi kengele ikalia. Wapinzani ndani walikuwa saba. Wa nane, Daktari Placide, alikuwa makaburini akimzika mgonjwa wake, karibu na kaburi la Mzee Cadette. Saba kwa saba, hoja inakufa, serikali inapona. Kundi letu la ukoo kwenye simu lilikuwa moto: "Daktari kimbia! Maiti hana haraka!"

Dakika tano zikaisha. Shangazi akashika ufunguo.

Ko. Ko. Ko.

"Nilijua amekufa," alituambia baadaye. "Mimi ndiye niliyemfunga taya. Lakini mkono ulikataa kuzunguka."

Fimbo ikapanda taratibu, ikipumzika palepale Mzee alipokuwa akipumzika. Kisha mlangoni ukatokea mgongo wa mtu. Daktari Placide! Suruali ina udongo wa kaburi, anaingia kinyumenyume, macho kwenye ngazi tupu. Kwetu ukitoka makaburini na kitu kinakufuata, unaingia hivyo ili kibaki nje. Lakini msomi mzima, makalio kwa Spika!

Baridi ikampita Shangazi begani, na harufu ya tumbaku ya Mzee. Ndipo akafunga.

Kura: wanane kwa saba. Waziri Mkuu akaruka. "Mlango ulichelewa! Kura ni batili!"

Spika akamwita Shangazi mbele. Mpinzani mmoja akamnong'oneza, "Mama, sema saa ya ukutani ni mbovu, basi." Kazi ingebaki.

"Mama Joachim, ulichelewesha mlango?"

"Nilichelewesha, Mheshimiwa. Dakika moja na nusu."

"Ukimsubiri Daktari?"

"Huyo? Sikujua hata kama anakuja. Nilikuwa namsubiri Mzee Cadette."

Hakuna aliyecheka. Wabunge kumi na tano, wote mabingwa wa vijembe, wakageuka kutazama mlango.

"Na… aliingia?"

"Sikumwona, Mheshimiwa. Ila nimefunga mlango nyuma yake."

Spika akamgeukia Daktari. "Na wewe, mbona uliingia kinyumenyume?"

"Mheshimiwa, naomba nisijibu."

Spika ni mtu wa serikali, tulijua ataikoa. Akakitazama kiti kitupu cha Mzee Cadette, muda mrefu, kama mtu anayesubiri ruhusa.

"Mlango umefungwa pale mfunga mlango alipoufunga," akasema. "Kura imesimama. Serikali imeanguka. Na wewe, Mama Joachim…"

"Najua, baba." Shangazi akaweka ufunguo mezani.

Waziri Mkuu alimkuta juu ya ngazi. "Ermina, umeniangusha! Mimi niliyekuja mpaka ubatizo wa mwanao!"

"Mimi? Aliyetaka ashikiwe mlango ni mtu wa chama chako. Kamuulize mwenyewe ulimfanyia nini."

Waziri Mkuu akaanza kushuka, ngazi moja moja, polepole mno, akiacha nafasi upande wa ukuta, vile unavyotembea na mtu mwenye mguu mbovu.