Mama Aliyekataa Kukimbia

Hebu mfikirie mama mmoja wa Mwanza, mnunuzi wa nguo za watoto, akila wali mchana katika mgahawa wa Tianxiu, jengo la Kichina tunakonunua bidhaa sisi Waafrika. Kwenye televisheni kuna mashindano makubwa ya gofu kule Uskoti. Upepo wa bahari unapeperusha suruali za wachezaji, na mpira wa mmoja wao umezama kwenye shimo la mchanga.

“Si autoe kwa mkono?” mama akauliza.

“Hairuhusiwi, maman,” akajibu Mkongo wa meza ya pili. “Anapiga hapo hapo ulipoangukia.”

Mara tukasikia: “Polisi! Pasipoti!” Tukakimbilia ngazi za nyuma kama kawaida yetu, wenye viza na wasio nayo.

“Maman, kimbia!”

“Nikimbie nini, baba? Viza yangu iko hai. Nimeangukia hapa, napigia hapa.”

Akaifungua pasipoti kando ya sahani. Ndege yake ya kurudi ilikuwa kesho yake; wakimchukua, imempita. Askari akaisoma, akamtazama usoni, akairudisha. Mama akaomba pilipili.

Niliyaona hayo nikiwa mlangoni, mguu mmoja nje, na viza iliyobakiza miezi miwili mfukoni. Ambao viza zao zimekwisha siwahukumu. Lakini wewe uliye nayo, naomba ukumbuke jambo moja tu: kabla ya kukimbia, isome kwanza tarehe yako.