Aliyerudi Kitabuni

Revocatus Ng'wandu aliacha kazi ya upelelezi binafsi miguu yake ilipoanza kufa ganzi kwa kisukari. Kwa miaka mingi alikuwa na chumba kimoja katikati ya Mwanza, juu ya duka la vipuri. Watu walipanda ngazi kwenda kumnong'oneza mambo wasiyotaka kuyapeleka polisi: mume anayechelewa kurudi, mtunza stoo asiyeaminika, ndugu aliyeondoka na hajulikani alipo. Alipokifunga chumba kile akarudi kukaa kibarazani kwake Igoma, na kukaa kwenyewe kukamshinda. Mtu akipita na viatu vya tope siku ya jua kali, Revocatus alijiuliza hadi chakula cha mchana katokea wapi yule.

"Baba, hayo unayotusimulia kila siku si uyaandike?" binti yake Winnie alimwambia. Winnie alikuwa na duka la stesheneri. Baba akaandika kwa mkono, binti akachapa, na vitabu vyembamba vya riwaya za upelelezi vikaanza kuuzwa dukani pale na kwa wachuuzi wa stendi. Shujaa wake aliitwa Bundala, mpelelezi mwenye miguu mizima, anayepanda milima ya mawe ya Mwanza bila kuhema. Na kila aliyetafutwa na Bundala alipatikana.

"Huyu Bundala wako hashindwi?" Winnie alimtania.

"Nimeshindwa mimi vya kutosha," alijibu.

Kitabu cha tatu ndicho alichokipenda kuliko vyote. Fundi wa injini za mitumbwi anapanda kivuko cha Kamanga kwenda kutengeneza injini ng'ambo, upande wa Sengerema, na harudi. Bundala anazunguka mialo yote ya wavuvi, anamkuta kisiwani akiwa mgonjwa, anamrudisha kwa mkewe. Fundi wa kweli alikuwepo. Aliitwa Odoyo, na hakupatikana. Mkewe, Agutu, mwanamke wa Shirati aliyekuwa akiuza dagaa sokoni Kirumba, ndiye aliyempa Revocatus kazi ile. Revocatus alitafuta mpaka akakosa wa kumuuliza. Siku alipomweleza kwamba amefika mwisho, Agutu alishukuru, akashuka ngazi ameshika ukuta. Tangu hapo hawakuonana.

Jumamosi moja asubuhi bodaboda ilisimama mbele ya nyumba. Agutu akashuka, amevaa kitenge kipya, mkononi ana begi la safari na kile kitabu.

"Shikamoo, Baba Winnie."

"Marahaba, Mama Okwach. Karibu. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nimesoma usiku kucha. Umebadilisha jina, lakini ni yeye. Spana anaiweka mdomoni, anapiga mluzi akishindwa kufungua nati. Ni Odoyo. Nimefunga nguo zangu, na shati lake moja nimeweka. Nipeleke hicho kisiwa."

Revocatus aliwahi kuwaambia watu habari mbaya nyingi, ila hakuwahi kumwambia mtu habari mbaya iliyotokana na mkono wake mwenyewe.

"Mama Okwach," alisema taratibu, "kisiwa hicho hakipo. Nilikitunga. Odoyo sikumpata."

Agutu alimtazama, kisha akakitazama kitabu kana kwamba ndicho kilichomdanganya. Begi likamponyoka. Winnie alitoka ndani na kiti, akamkalisha, akampa maji. Hakuyanywa.

"Yote umetunga?" aliuliza. "Hata pale kwa mama lishe? Pale anaposema, nikirudi nitamleta mke wangu ale hapa, hajawahi kula sato wa namna hii?"

Revocatus alitikisa kichwa. "Hapana. Hayo ni ya kweli. Aliyasema ng'ambo pale Kamanga, kwa mama mmoja anaitwa Justa. Ndiye mtu wa mwisho niliyemkuta aliyezungumza naye."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa natafuta alikokwenda. Maneno yale hayakunionyesha njia. Nikayaweka kando."

Agutu alianza kulia, kilio cha chini chini. "Ndugu zake waliniambia ana mwanamke ng'ambo. Mama yake amekufa akiamini hivyo. Na mimi niliamini, Baba Winnie. Kuna siku niliamini." Akajifuta kwa ncha ya kitenge. "Nimeshavaa. Nipeleke kwa huyo Justa."

Winnie alitaka kusema kuhusu miguu ya baba yake, lakini Revocatus alikuwa ameshaomba fimbo.

Ndani ya kivuko walikaa upande wa upepo. Agutu aliangalia mawe makubwa ya Mwanza yakirudi nyuma na maji yakipanuka. Revocatus aliona anavyoyatazama maji, akaelewa kwamba miaka yote ile mwanamke huyu aliishi kando ya ziwa bila kuvuka hata mara moja.

Justa alikuwa bado yupo, amenenepa, banda lake sasa lina bati jipya. Alipotajiwa fundi Mjaluo mwenye mluzi, aliweka mwiko chini.

"Aliyekula mara mbili? Namkumbuka. Nilimwambia utapasuka. Akasema mke wangu anapika vizuri, ila leo umemshinda, nitamleta mbishane wenyewe." Akamgeukia Agutu. "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi," Agutu alijibu.

"Uliulizwa habari zake ukamwambia huyu mzee, si ndiyo?" Agutu aliongeza.

"Niliulizwa. Alienda kule," Justa alinyoosha mkono kuelekea mwalo, "akapanda mtumbwi wa watu nisiowajua. Jioni ziwa lilichafuka sana. Sijui zaidi, dada yangu."

Akampakulia sato na ugali. Agutu alikula pole pole, mpaka mwisho, akanawa mikono. "Kweli amenishinda," alisema, na wote watatu wakacheka kicheko kilichowaliza.

Mwezi uliofuata Agutu alikwenda Shirati na mwanawe Okwach. Aliwaeleza shemeji zake alichokisikia kwa masikio yake. Mmoja aliomba radhi, wengine walinyamaza. Kanisani kwao wakafanya ibada ya kumwombea Odoyo, na jina lake likatajwa kwa heshima kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Alimpigia Revocatus simu kumjulisha. Revocatus akamwambia jambo lililokuwa likimkosesha raha: nakala za kitabu kile zikiisha dukani, atauandika upya mwisho wake, mtu mwingine asije akadanganyika.

"Usiguse," Agutu alisema. "Wacha huko kitabuni arudi."

Hakugusa. Lakini kitabu cha nne kilimshinda. Bundala alifika mwaloni, akawauliza wavuvi, akasimama kuangalia maji, na Revocatus hakuwa na moyo wa kumwonyesha pa kwenda. Siku hizi, miguu ikimruhusu, huenda kivukoni kukaa tu. Watu wanashuka na mizigo yao, naye anawaangalia nyuso mmoja mmoja mpaka wa mwisho apite.