Gari la Kumchukua Mama

Sisi tuliokulia Lodwar kabla barabara haijatengenezwa upya tulilijua joto ambalo watoto wa leo hawalijui, maana wao wamezaliwa wakakuta feni zinazunguka. Tulikwenda shule tukiruka kutoka kivuli hadi kivuli, mchanga ukituchoma mpaka juu ya akala zetu za tairi. Tukitoka shule tulikimbilia mto Turkwel uliokauka, tukachimba visima kwa mikono, tukashindana ni nani atakayeyaona maji kwanza. Tuligonga makoma, matunda ya mkoma, kwa jiwe tukatafuna maganda yake ya kahawia mpaka taya zikachoka, na jioni tukanywa chai ya maziwa ya mbuzi yenye harufu ya moshi. Leo nikimpa mwanangu koma moja ananiuliza linafunguliwa wapi.

Hayo huwa nayasimulia nikicheka. Habari za gari la Baba nimezoea kuziruka, na leo nataka kuzisimulia.

Wazazi wangu walitoka Bungoma wakaja Turkana kwa kazi za serikali. Baba alikuwa karani katika ofisi ya maji, Mama alikuwa mwalimu. Nilipokuwa darasa la tatu na ndugu yangu Wekesa bado yuko chekechea, Mama akahamishiwa shule moja ya msingi huko Kakuma. Sisi tukabaki Lodwar na Baba kwa ajili ya masomo. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho kikiisha, Mama alisimama kando ya barabara akingoja lori lolote linalotoka Lokichoggio. Aliketi juu ya magunia pamoja na wafanyabiashara na mbuzi wao. Alifika amepauka kama mtu aliyemwagiwa unga, nasi tulipomkimbilia alirudi nyuma hatua moja.

"Msiniguse kwanza," alikuwa akisema. "Nina vumbi la wilaya nzima."

Jumapili baada ya kanisa aliondoka tena. Tulikuwa na mama wa siku moja na nusu kwa wiki, na hiyo nusu alikuwa akifua.

Baba naye hali ile ilimuuma. Walijinyima wote wawili karibu miaka miwili, hatukuonja nyama isipokuwa Krismasi, na siku moja mezani Baba akamwambia Mama kwamba gari likipatikana hatapanda lori tena. Kila Ijumaa angetoka ofisini mapema akamchukue mwenyewe. Mama aliinamisha kichwa, akaendelea kupakua ugali, lakini niliona midomo yake ikitetemeka kwa kicheko alichokuwa akikizuia.

Baba alilifuata gari Nairobi akalileta polepole kupitia Kitale. Lilikuwa gari dogo la milango minne, jeupe, jipya kabisa, viti vyake vya kitambaa cha rangi ya maziwa bado vikiwa ndani ya plastiki ya kiwandani. Mtaa mzima ulitoka. Jirani yetu Mama Akiru, aliyekuwa akisuka vikapu vya majani ya mkoma mlangoni pake, alikuja akalizunguka, akainama kutazama chini ya tumbo lake.

"Ejok," akamsalimu Baba. "Hii gari ni mzuri. Lakini iko chini sana. Itapita wapi?"

Baba alicheka. Sote tulicheka.

Nitasema kweli, miezi ya kwanza ilikuwa ya raha. Asubuhi tulipelekwa shule, hatua ambazo tungetembea kwa robo saa tukizimaliza kabla wimbo mmoja haujaisha redioni. Kiyoyozi kilitupuliza mpaka Wekesa akawa anajifanya anatetemeka. Tuliwapita wenzetu barabarani, na miongoni mwao alikuwamo Akiru, binti wa jirani, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Siku ya kwanza nilimwomba Baba tumbebe. Baba akasema miguu yake ina mchanga. Siku ya pili sikuomba. Siku ya tatu, tulipomkaribia, niliangalia upande wa pili, na baada ya hapo nikazoea.

Ijumaa ndizo zilizokuwa sikukuu. Baba alitutoa shule saa sita, tukaenda Kakuma tukikwepa mashimo, gari likiyumba kulia na kushoto kama mtu anayetafuta pa kukanyaga kwenye matope. Mama alikuwa akitungoja kwenye lango la shule na mkoba wake na leso iliyokunjwa. Aliketi mbele, akavua viatu, na kabla hatujaiacha Kakuma nyuma alikuwa amelala. Baba alipunguza sauti ya redio. Nyuma mimi na Wekesa tulikatazwa hata kunong'ona. Ijumaa kumi tulisafiri hivyo. Nilizihesabu wakati ule kwa sababu ya furaha, na idadi imenikaa kichwani mpaka leo.

Ijumaa ya kumi na moja, tukiwa peke yetu njiani kwenda, tulishuka kwenye korongo moja na jiwe likagonga chini. Sauti ilikuwa ndogo tu. Tulipopanda ng'ambo Baba alisimama, akachungulia, akaona oili inachuruzika mchangani. Tulikaa pale mpaka lori moja lilipotufunga kamba likatuvuta kurudi Lodwar. Mama alingoja langoni mpaka jua likatua, akarudi chumbani kwake bila kujua yaliyotupata.

Kipuri kilichohitajika kilipatikana baada ya wiki nyingi. Gari likapona, lakini Baba hakupona. Alianza kuamka mapema kulipangusa. Alilishonea turubai, akalifunika kila linaposimama, hata kanisani. Plastiki ya viti ilipochanika aliiziba kwa gundi. Tulitakiwa kukung'uta miguu mara tatu kabla ya kuingia, na kula ndani kulipigwa marufuku, hata njugu. Ijumaa ilipofika akasema tulipumzishe gari wiki hii. Ijumaa iliyofuata akasema hivyo tena. Tukaendelea kupelekwa shule kila siku, na yeye ofisini, na Jumapili kanisani, safari ambazo hata mbuzi kilema angezimaliza kwa miguu. Mama akarudi kwenye magunia.

Alivumilia miezi mitatu hivi. Jumapili moja, tukiwa tunakula kabla ya yeye kuondoka, aliweka kijiko chini.

"Baba Nafula," akasema, kwa maana mimi ndiye Nafula, kifungua mimba wao. "Hili gari tulilinunua liende wapi?"

"Barabara ile italiua. Likivunjika hutakuwa na gari kabisa."

"Sasa ninalo?"

Baba akavuta sahani yake karibu. Mama naye hakuuliza tena, si siku hiyo wala nyingine. Nami naungama kwamba sikuwa upande wake. Siku ya wazazi shuleni ilikuwa inakaribia na nilitaka gari liwe halina mkwaruzo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nimejaribu kujisamehe kwa sababu ya umri huo, na siku nyingine nafaulu.

Mvua za masika zilinyesha mwaka ule kana kwamba zinalipa deni la miaka mitatu ya ukame. Ijumaa moja lori alilopanda Mama liliteleza kwenye ukingo wa korongo likalala ubavu. Watu walirushwa pamoja na magunia. Hakufa mtu, ila wengi waliumia, na Mama alivunjika mkono wa kulia na mfupa wa bega. Lori jingine lililotoka Nadapal, mpakani, liliwaokota likawaleta hospitali Lodwar, na dereva wake ndiye aliyekuja kubisha kwetu.

Sitaki mtu adhani Baba alikuwa hana moyo. Siku zote tano alizolazwa Mama, yeye alishinda kando ya kitanda. Alimlisha uji kwa kijiko. Nilimwona akiinama kumfunga kamba za viatu, yeye ambaye nyumbani hakuwahi hata kujiwekea maji ya kuoga. Siku hizo nilifikiri mambo yamerudi.

Siku ya kutoka tulikwenda sote kumchukua. Ilikuwa mchana, jua limesimama utosini. Mama alitoka akitembea polepole, plasta kutoka bega hadi vidole, bado inatoa ungaunga mweupe kila alipojigusa. Baba alimfungulia mlango wa mbele. Kisha akasema angoje kidogo, akaenda kwenye buti, akarudi na karatasi ya nailoni, akaitandika juu ya kiti, akaipapasa mpaka mikunjo ikaisha.

Mama aliitazama ile nailoni.

"Hiyo ya nini?"

"Ni ile chokaa ya plasta," Baba akasema kwa upole kabisa. "Ikiingia kwenye kitambaa haitoki."

Mama akausukuma mlango kwa mkono wake mzima mpaka ukajifunga.

"Nitatembea," akasema.

Akatembea. Baba alimwita mara mbili, akaona watu wanageuka, akaingia garini akawa anamfuata nyuma kwa gia ya kwanza, dirisha wazi, akimwambia apande. Mimi na Wekesa tulikuwa kiti cha nyuma. Kila baada ya hatua chache Mama alisimama kupumua, na gari nalo likasimama. Mama Akiru alikuwa anatoka sokoni na vikapu vyake, akamwona, akamtua mkoba begani bila kuuliza neno, wakawa wawili. Hapo Wekesa akafungua mlango gari likiwa linakwenda, akaruka, akaanguka, akainuka, akawakimbilia. Alikuwa na miaka saba. Mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa cha mlango wangu. Nilikishika hivyo mpaka nyumbani.

Mama alipopona alirudi Kakuma akapanga nyumba. Muhula uliofuata akamchukua Wekesa. Mimi niliambiwa nimalizie Lodwar nilikozoea, na ukweli ni kwamba sikuomba kwenda. Hapakuwa na matusi, hapakuwa na vikao vya wazee. Mama alikuja mwisho wa mwezi, halafu mwisho wa muhula, halafu Krismasi, kisha akawa anatutumia salamu tu. Wekesa alikulia huko kati ya watoto wa wakimbizi, Wakongo na Wasudani. Alipokuja likizo alikuwa akisema "niko nakuya, yaya," yaani nakuja, dada, na Baba akawa anamsahihisha Kiswahili chake. Niligundua kwamba hilo ndilo lililokuwa limebaki kati yao, kusahihishana.

Gari liliishi sana. Kwa nini lisiishi, na halikuwa likienda popote? Baba alipostaafu akarudi Bungoma aliliacha kwa mtu, huyo naye akamwachia mwingine, na mara ya mwisho nililiona pale sokoni Lodwar, limekuwa teksi, mbuzi watatu wameketi kiti cha nyuma. Mmoja alikuwa akitafuna kitambaa.

Sasa mimi ni mama wa watoto watatu, nafanya kazi Lodwar, na nina gari langu ambalo ndani yake kuna makombo ya mwaka juzi. Lami imefika. Kwenda Kakuma ni saa moja na nusu, mtu hata hajachoka. Wanangu wanaona hiyo ni safari ndefu. Wanavaa visikizi masikioni, wanalalamika mtandao umepotea, na tukipita korongo lile la jiwe hawajui kwamba tumelipita, maana siku hizi pana daraja.

Mwaka jana mwezi wa Agosti Baba alikuja kututembelea. Amezeeka, magoti yamekataa kunyooka. Siku ya pili akaniomba nimpeleke Kakuma. Sikumuuliza sababu, nikawapakia na wanangu tukaondoka. Mama bado anaishi huko, amestaafu, ana shule ya chekechea ya watoto wachache chini ya paa la mabati. Tulimkuta anafagia. Akamkaribisha Baba kama anavyokaribishwa mgeni wa heshima, akamtolea kiti chenye mgongo, akapika chai.

Walizungumza habari za mvua, za ndugu waliofariki, za Wekesa aliyeko Juba. Chai ilipokaribia kwisha Baba akaweka kikombe chini kwa mikono miwili.

"Mama Nafula, barabara imekuwa nzuri. Nimekuja kukuchukua."

Mama hakustuka. Alimtazama, si kwa hasira, bali kama mwalimu anayemtazama mwanafunzi aliyeleta kazi iliyopitwa na muhula. Akachukua birika, akamjazia tena.

"Umekuja," akasema. "Kunywa chai."

Tukainywa, tukaaga. Alitusindikiza mpaka langoni, akawashika wanangu vichwa mmoja mmoja, akamwambia Baba asisahau dawa zake. Kisha akarudi kumalizia kufagia.

Enzi zetu tulikuwa na mashimo, vumbi, malori na makorongo, na mtu akishindwa kufika alikuwa na la kusingizia. Watoto wangu wamepewa barabara iliyonyooka, nami nawaonea wivu na kuwaonea huruma pia, kwa sababu wao hawatakuwa na kisingizio. Njiani kurudi Baba aliketi mbele, mikono juu ya magoti, akiiangalia lami inavyokuja. Nilimuuliza kama niwashe kiyoyozi. Akasema hapana, niache tu dirisha wazi. Tulifika Lodwar jua likiwa bado juu, na muda mwingi wa siku ulikuwa umebaki ambao hakuna kati yetu aliyejua la kuufanyia.