Njia Tuliyowasafishia Tembo

Nilitoka Morogoro kwenye mashamba ya miwa, nikapanda treni hadi Tabora. Tabora ndiko nyumbani. Mabehewa ya Mpanda yalichelewa, nikashinda stesheni nimekalia begi langu, nikijua kwamba bodaboda ingenifikisha kwa mama yangu mzazi muda wowote. Sikwenda. Baada ya miaka yote ile ningeingiaje mikono mitupu? Nikapanda treni ya Mpanda, nikapumzika kwa jamaa mmoja mtaani Makanyagio, kisha basi likanishusha Usevya, kijiji kilicho kando ya hifadhi ya wanyama. Mvua zilikuwa zinaishia na matope yalinifika magotini.

Mkandarasi mmoja alikuwa anatafuta vibarua wa kufufua njia za miguu za watalii ndani ya hifadhi. Nyasi zilikuwa zimezimeza. Tulifyeka, tukang'oa visiki, tukachimba vijitaro vya kutolea maji njiani, askari mwenye bunduki akitulinda. Kazi ile niliipenda. Ukigeuka nyuma jioni unaona ulichofanya.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mpimbwe kwa kabila, mkulima wa mpunga, umri wetu karibu sawa. Aliposikia mimi ni Mnyamwezi akanifanya mtani siku hiyo hiyo.

"Nyie babu zenu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani," aliniambia. "Haya, beba na ndoo yangu."

"Na nyie mnakula wali mpaka mnasinzia, nani awabebee?"

Alicheka hadi akashika ukuta. Ilikuwa miaka mingi sijatukanwa kwa upendo hivyo.

Njia yetu ilikuwa inatokea mpakani mwa hifadhi, karibu na mashamba ya kijiji. Pale mwisho palikuwa na kichaka kinene cha miiba. Tuliamriwa kukikata ili magari yawachukulie wageni pale. Tukakikata, tukapasafisha hadi pakapendeza. Mama alikuja kupaona.

"Mtani, tembo naye hapendi kuchomwa. Mmemfungulia barabara mpaka kwenye mpunga wangu. Rudisheni miiba hiyo mpaka nivune. Wanangu watakula nini?"

Nilimwuliza msimamizi wetu wa kazi. Akajibu bila kuniangalia: "Wageni wanakuja wiki hii. Ukiziba, usirudi kazini."

Matawi yalikuwa yamelala pale pale kando. Ilikuwa kazi ya mtu mmoja, ya saa moja tu. Kila jioni niliyapita nikirudi kwake kula. Nilimwambia, "Nitaona," naye akaniamini, kwa sababu kesho yake alinitania kama kawaida.

Tembo walipita njia yetu usiku mmoja. Asubuhi nyayo zao zilikuwa katikati kabisa ya njia, hawakukanyaga hata nyasi za pembeni. Mpunga uliobaki kwenye shamba la mama ulikuwa wa kushika kwa mikono miwili. Najiambia hadi leo kwamba miiba isingewazuia. Labda. Ila sikuijaribu.

Mama hakunigombeza. Jioni aliniwekea ugali na kusema, "Karibu kaka, nawa mikono." Kaka! Nilimtania kuhusu wali, nikajuta kabla sijamaliza sentensi. Alitabasamu kama mtu anavyomtabasamia mgeni.

Siku chache baadaye yeye na majirani waliuziba mdomo wa njia kwa miiba ile ile, walinde vipande vya mashamba vilivyobaki. Msimamizi akatuambia kesho tukaifungue. Nilikwenda kumweleza mama. Alikuwa anapeta mpunga uliookotwa kwenye tope.

"Asante kwa kuniambia, kaka. Wewe fanya kazi yako."

Sikuifanya. Asubuhi niliegemeza panga langu kwenye ukuta wa ghala la mkandarasi nikaenda kusubiri basi la Mpanda. Wakati ule niliona nimefanya jambo la kiume. Basi lilipoondoka niliwaona wenzangu wakishuka kuelekea mpakani, mapanga mabegani. Mmoja wao alinipungia mkono. Niliyafahamu matawi yale, nilijua hayatawachukua hata saa moja.