Pijo Iliyolia Kama Kichanga

Abbasi Mrisho ana duka la vitenge Kasulu mjini, mke anayeitwa Siti, binti anayeitwa Shadia anayesoma bweni Tabora, na gari, Pijo 504 nyeupe aliyoirithi kwa baba yake. Ukimuuliza habari za nyumbani ataanza na Pijo. Watu wa Kasulu wanaiheshimu. Wanaipisha njiani, wanaipiga picha, na wakati wa mvua hakuna anayekubali kuipanda.

Sababu ilikuwa waipa, vile vifuta maji vya kioo cha mbele. Mvua ya huku juu ikishaanza haina haraka ya kuondoka, na waipa za Pijo zilikuwa zimekwisha bushi, yaani vile vipete vidogo vinavyokaa kwenye maungio ya fimbo zinazotoka kwenye mota kwenda kwenye waipa. Bushi zikilika, fimbo zinacheza, na waipa inafanya inavyojisikia. Ile ya upande wa dereva ilizoea kupita ukingo wa kioo na kwenda kutembea nje. Siku moja askari wa barabarani aliinama dirishani kuomba leseni, akachapwa shavuni na maji ya matope. Aliinuka, akafuta uso, akatazama nyuma kuona ni nani. Alipoinama tena, waipa ikamrudia.

"Mzee, gari lako limenipiga."

"Linakusalimia, afande."

Afande alimwambia aondoke upesi, kabla hajakumbuka kifungu cha sheria.

Mwishowe fimbo zilichomoka kabisa. Mtu mwingine angekwenda kwa fundi. Abbasi alifunga kamba ya katani kwenye waipa zote mbili, ncha moja akaipitisha dirishani kwake, nyingine dirishani kwa Siti. Siti akivuta, waipa zinakwenda kushoto. Abbasi akivuta, zinarudi kulia. Kasoro ya mtambo huo ni kwamba ulihitaji mapatano. Wakiwa wanaelewana, kioo kilikuwa safi kama cha benki. Wakigombana, Siti alishikilia kamba, akageukia nje kutazama mihogo ya watu, na Abbasi akaendesha kwa kukisia. Jiko la gesi lilinunuliwa hivyo. Ilikuwa kwenye mteremko wa Heru Juu, mvua inapiga kama mawe, na Siti anauliza kwa upole, "Kwa hiyo umesemaje, Baba Shadia?"

Basi Firdausi, mtoto wa marehemu kaka yake Abbasi, akachumbiwa na Badru, mfanyabiashara kijana wa Kumsenga, kule Kibondo. Ndoa ilifungwa msikitini, na ukoo ukaamua kwamba bibi harusi atapelekwa kwa mumewe ndani ya Pijo. Gari za kisasa kila mtu anazo, walisema. Firdausi alifurahi, lakini alikuja dukani na swali.

"Baba mdogo, mama mdogo atakaa nyuma na mimi. Kamba atavuta nani?"

"Wewe huna mikono?"

"Nitakuwa na hina mpaka kwenye viwiko!"

"Hina ikishakauka haibanduki."

Siti, aliyekuwa anakunja vitenge, hakuinua hata uso. "Baba Shadia. Fundi."

Fundi alikuwa Leonidasi wa Heru Juu, mtu mrefu ambaye hajawahi kukiri kwamba kuna chombo asichokijua. Alifungua pale chini ya kioo, akachomoa mota pamoja na fimbo zake kama anayetoa matumbo ya samaki, akazitandaza juu ya gunia.

"Unaona tundu hili? Lilikuwa duara, sasa limekuwa yai. Na hapa ndipo ilipokuwa bushi, Mungu ailaze mahali pema."

Walizunguka maduka ya spea yote ya mjini. Yalikuwa yamejaa vitu vya bodaboda. Muuzaji mmoja aliwashauri wajaribu makumbusho. Waliporudi nyumbani, Siti akawaletea chai, na Leonidasi, badala ya kuchukua kikombe, akabaki ameitumbulia macho miguu ya mama huyo. Siti alikuwa amevaa kandambili mpya, nyekundu, nene kama mkate.

"Mama Shadia," alisema taratibu, "hizo mpira wake ni mzuri sana."

"Usinitazame hivyo!" Siti alisema, akirudi nyuma.

Aliitoa moja kwa ajili ya Firdausi, akarudi jikoni akichechemea. Leonidasi alichukua kipande cha bomba alichokinoa ukingo, akakata vidonge vya mpira, akavitoboa katikati, akavipachika kwenye maungio na kuvibana kwa washa, vile visahani vya chuma, na pini. Akarudisha kila kitu mahali pake. Wakamwaga ndoo ya maji juu ya kioo. Waipa zilikwenda kushoto, zikarudi kulia, zikaishia pale zinapotakiwa kuishia. Abbasi aliguswa sana, akaomba ndoo ya pili.

"Usipake grisi," Leonidasi alimwonya. "Grisi inakula mpira. Ziache kavu hivyo hivyo."

Siku ya safari mvua iliwakuta Makere, na Abbasi aliipokea kama mgeni aliyealikwa. Aliwasha waipa, akaegemea kiti, akaendesha kwa mkono mmoja. Nyuma, Firdausi alikaa chini ya shela lake, na Siti alishika chupa ya uturi isimwagike. Walipofika Kibondo mjini jua lilikuwa linawaka. Waipa bado zilikuwa zinakwenda.

"Baba Shadia, kioo kimekauka."

"Ziache. Zimekaa bure muda mrefu."

Basi zikaachwa, na mpira mkavu, ukisuguliwa na chuma na kupata joto la mota, ukaanza kutoa sauti. Mwanzoni ilikuwa kama panya. Kadiri walivyokaribia Kumsenga ikanenepa, ikapata pumzi, na ikawa: nyaa! nyaa! nyaa!

"Mama mdogo, hicho nini?"

"Sijui. Tulia, usitoe jasho."

"Ni injini inafurahi," alisema Abbasi.

Nyumbani kwa kina Badru wanawake walikuwa wamejipanga barabarani na ngoma. Pijo ilipochungulia kona, vigelegele vikapanda, na vikakatikia hewani. Bi Maimuna, shangazi yake Badru, mwanamke mwenye umbo na sauti ya kutosha watu wawili, aliinua mkono. Ngoma zikanyamaza. Katika kimya hicho gari likasimama mbele yake.

Nyaa! Nyaa! Nyaa!

"Mawe! Mama yangu!" Bi Maimuna alishika kichwa. "Humo ndani mna kichanga!"

Siti alishusha kioo. "Asalaam aleikum, wifi."

"Waaleikum salaam. Mtoto wa nani huyo?"

"Mtoto gani?"

"Huyo anayelia!"

Mama mmoja huko nyuma alianza kuhesabu miezi kwenye vidole. Badru alisimama mlangoni na kanzu yake mpya, mdomo wazi. Bi Maimuna hakungoja ruhusa. Alifungua mlango, akaingiza nusu yake ya juu ndani ya gari, akachungulia chini ya viti, akapekua begi, kisha akainua pindo la shela kuangalia kama kuna kitu kimefichwa. Hapo Firdausi alishindwa kuvumilia. Alifunika uso kwa viganja vyake vya hina, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kwa waliokuwa nje ilionekana vingine.

"Jamani, na mama yake naye analia!"

Abbasi alishuka mbio. "Sikilizeni! Si mtoto, ni bushi!"

"Anaitwa Bushi?" aliuliza babu mmoja aliyekuwa hasikii vizuri. "Jina la wapi hilo?"

Abbasi alirudi ndani akazima waipa. Kilio kikakatika ghafla, na hilo likazidisha mambo.

"Amemfanya nini?" Bi Maimuna alipiga kelele. "Mzee, umemziba pumzi?"

Akawasha tena. Nyaa! Akazima. Kimya. Akawasha. Nyaa! Polepole macho ya watu yakahama kutoka kwenye viti vya nyuma mpaka kwenye kioo cha mbele, ambako waipa mbili zilikuwa zinafuta vumbi. Abbasi alifungua boneti, akaonyesha vipande vya mpira mwekundu vikijisokota, akaeleza habari ya kandambili kutoka mwanzo. Hata hakumaliza. Bi Maimuna alikuwa ameketi kwenye bampa, machozi yanamtiririka, akipiga paja lake kwa kofi.

"Kandambili!" alisema alipopata pumzi. "Nusura nimrudishe mke wa mtoto wetu kwa ajili ya kandambili! Haya, nani ana poda? Mtoto akilia hupakwa poda."

Poda ilikuwepo tele, kwa kuwa wanawake walikuwa wameitayarisha kumpaka bibi harusi na waimbaji. Bi Maimuna mwenyewe aliinama, akainyunyiza kwenye maungio yote, na nyingine ikamwangukia Abbasi kichwani. Waipa zikawashwa. Zilikwenda na kurudi bila hata kunong'ona. Ngoma zikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na Firdausi akashushwa kwa nyimbo.

Badru alimsogelea Abbasi, akampa mkono kwa adabu zote. "Shikamoo, baba mdogo. Kwenye buti hamna mwingine?"

"Marahaba. Nenda kwa mkeo."

Pilau ililiwa. Yule babu aliuliza mara kadhaa mtoto amelazwa wapi, akaambiwa amelala, akaridhika. Siti alirudi Kasulu na zawadi ya kanga pea nzima na kuku jogoo, ambaye alisafiri kwenye kiti cha bibi harusi.

Baadaye Leonidasi alipata kipande cha nailoni ngumu, akakipeleka kwa mchongaji Kigoma mjini, na zikatengenezwa bushi hasa. Walizifunga mchana mmoja kwa utulivu, fundi akisisitiza kwamba kazi ya kwanza haikuwa na tatizo lolote isipokuwa la masikio ya watu wa Kumsenga. Waipa zikawa nzima. Abbasi alisimama kibarazani akisubiri mvua, na ilipokuja aliingia garini na Siti kwenda kuizunguka Kasulu yote, bila kazi yoyote.

Alifika sokoni. Hapo radieta ikapasuka, na Siti akachukua bodaboda.