Nilimjibia Marehemu Katika Wimbo wa Mama Yake

Nimekosa, ndugu zangu, na sina wa kumsingizia. Nisikilizeni kwanza, kisha mnihukumu mtakavyo.

Mimi ni mpiga kinanda na nina studio ndogo hapa Rodi Kopany. Dada wa baba yangu, ambaye sisi Wajaluo tunamwita Waya, alimpoteza mwanawe wa pekee, Ouma, ziwani, upande wa Mbita. Mashua ilipinduka, wenzake wakaokolewa, Ouma hakuonekana. Tulimtafuta hadi tukachoka. Mwishowe tukazika yago, lile tunda refu la mwegea, badala ya mwili, kama desturi yetu inavyotaka.

Waya akamtungia wimbo. Kila mwaka siku ya kumbukumbu aliuimba kando ya kaburi lile. Mwishoni aliita, "Ouma!" kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza naye, hata wa kukohoa hakuna. Alisubiri kama mama aliyemwita mtoto aje kula. Aliita hivyo mara tatu, ndipo akaketi.

Nilimwomba nimrekodi, nikamwambia ni wa kuhifadhi tu. Alikubali kwa sharti moja: pale anaponyamaza nisiguse. Nikaapa. Mdomo wangu huu!

Nilipobaki peke yangu na ile sauti, tamaa ikaniingia. Nikaweka ngoma, besi na gitaa la benga. Wimbo ukachangamka ajabu, ila kila ukifika pale pa kunyamaza, unakufa. Nani atacheza kimya? Nikakata kimya chote. Bado pakabaki pengo dogo baada ya jina. Basi nikasogelea maikrofoni, nikajibu mwenyewe kwa furaha: "An kae!" Yaani, niko hapa.

Nilijua ninachofanya. Na bado nikahifadhi kazi yangu juu ya rekodi ile ile ya kwanza, ikafutika.

Nililiweka toleo langu mtandaoni, likashika moto. Lilichezwa harusini, likachezwa sokoni Kosele, likaingia kwenye simu za vijana. DJ akifika kwenye "Ouma!" anashusha sauti, umati unajibu. Nikavimba kichwa. Waya ni mtu wa kanisa na shamba, hayumo katika mambo ya ngoma, kwa hiyo nikajipa moyo kwamba hatajua.

Kisha siku ya kumbukumbu ikafika. Nilipoona vijana wamejaa chini ya hema, jasho likanitoka. Nikamnong'oneza Waya kwamba mwaka huu apumzike, asiimbe, koo lake halisikiki vizuri.

Akanitazama. "Koo yangu iko sawa," akasema. "Wewe ndio unatetemeka."

Akaimba. Nilimwomba Mungu ashushe mvua, umeme upotee, lolote lile! Akafika mwisho, akaita, "Ouma!"

"An kae!" hema zima likajibu, na vicheko juu.

Waya aligeuka. Jamani, alivyogeuka! Aligeuka haraka, kama hana miaka ile yote, uso umefunguka. Kwa muda mfupi sana alimtafuta mwanawe kati ya watu wale. Nilimwona akimtafuta.

Kisha akaelewa kwamba hayupo. Hakuita mara ya pili. Jirani mmoja akamweleza kwa aibu kuwa huo sasa ni wimbo wa mjini, akamchezea kwenye simu. Waya alisikiliza hadi pale pa jibu. Mimi na Ouma alitulea pamoja, sauti yangu hawezi kuikosa.

Akanijia taratibu, watu wote wakitazama.

"Hiyo sauti ni yako," akasema. "Umesema ako hapa. Haya, nionyeshe mahali ako."

Nilipiga magoti na hakuniinua.

Tangu siku hiyo haimbi. Nimelifuta toleo langu kila nilipokuwa nimeliweka, lakini limo kwenye simu za watu na linaendelea kuchezwa. Ule wimbo wenyewe haupo tena popote. Nimejaribu kukumbuka alikuwa akisubiri kwa muda gani kabla ya kuita tena, na siwezi. Naumia, wenzangu, naumia sana.

Nyinyi mnaorudia nyimbo za watu, ongezeni gitaa, badilisheni mapigo, sina neno. Lakini muulizeni kwanza mwenye wimbo anamwimbia nani. Na akiwaambia hapa msiguse, msiguse!

Kila Jumapili mchana naenda kwake. Nasimama mlangoni, naita, "Waya!" Namsikia ndani akisogeza sufuria. Nanyamaza, nasubiri, kisha naita tena. Naita mara tatu, halafu narudi Rodi.