Maharagwe Yasiyoiva

Kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wamekula nini. Nilikaa ghorofa ya sita, Westlands, nikiwapigia simu wafugaji wa kaskazini, ambako mvua ilikuwa imekosekana msimu baada ya msimu. Kwa majibu yao shirika letu la misaada lilijua wapi chakula kinakaribia kwisha, malori yakatumwa kabla watu hawajaanza kudhoofika.

Kulikuwa na bibi mmoja niliyempigia kila baada ya wiki mbili. Alikuwa akilea wajukuu wanne, na mbuzi wake walikuwa wamebaki wachache.

"Mama, katika siku saba zilizopita mmekula maharagwe siku ngapi?"

"Hata moja."

Nikashtuka. Kompyuta ilionyesha kwamba alikuwa amepokea gunia zima. Nikafikiri limeibwa.

"Kwani hamkuletewa?"

"Tuliletewa. Iko hapa, nimekalia gunia." Akacheka. "Mwanangu, wewe unapika maharagwe na maji ngapi?"

Sikujua. Kabiria, ninakoishi, nilizoea kununua maharagwe yaliyokwisha chemshwa, kwa mama mwenye kibanda karibu na lango letu. Nikamwambia hivyo. Alicheka hadi akakohoa, akamsimulia mtu aliyekuwa kando yake, naye akacheka pia.

"Sasa sikiza. Hii nachemsha asubuhi mpaka jioni, bado inagonga meno. Maji ni mtungi moja kwa siku. Watoto wanakunywa, mbuzi wanakunywa. Nimnyime nani ndio nipike?"

Kwenye fomu yangu, iliyouliza chakula kimoja baada ya kingine, hapakuwa na nafasi ya kuandika hayo.

Jumamosi nikaenda Ngara, kwenye duka la nafaka la jumla. Mwenye duka, mama wa Kihindi aliyerithi biashara kwa babake, alisikiliza habari yote huku akipima mchele wa mtu mwingine. Nilipomwonyesha aina ya maharagwe tuliyompelekea bibi, akakunja uso.

"Hii imekaa sana stoo, imekuwa ngumu. Hata mimi na sufuria ya presha naogopa." Akachota konzi ya ndengu zilizokobolewa na kupasuliwa, ndogo, za manjano. "Hii peleka. Dakika ishirini tu, maji kidogo."

Nikanunua aina zote mbili. Nyumbani nikazipa kila moja jagi moja la maji. Ndengu ziliiva kabla sijamaliza kuanika nguo. Maharagwe yalimaliza maji, yakamaliza gesi, na bado yangeweza kuvunja dirisha.

Jumatatu nikabeba vyombo viwili hadi ofisini, nikaviweka mbele ya mkuu wetu. Alitafuna harage moja, akalitoa kwa adabu kwenye karatasi.

"Maji ulipima?"

"Jagi moja kila sufuria."

Akaonja ndengu. Akarudia. Akazimaliza zote, kisha akaniambia niwapelekee watu wa ununuzi rekodi ya simu ya yule bibi, waisikie wenyewe.

Barua zilienda na kurudi kwa wiki kadhaa, na kila nilipompigia nilihofia ataniambia nini. Kumbe yeye hakukaa akitungoja. Alikuwa amempa maharagwe yale mpishi wa shule iliyokuwa na kisima, akapewa unga badala yake. Uji wa unga huo ndio uliowavusha wajukuu hadi ndengu zilipofika.

Nikampigia wiki mbili baada ya lori kupita. Mhudumu wa afya alikuwa ameupima mkono wa mjukuu mdogo kwa utepe wa kuonyesha utapiamlo, na kusema mtoto yuko sawa. Nilishusha pumzi kwa nguvu hadi mwenzangu wa meza ya pili akageuka.

"Na ndengu, mama? Mmekula siku ngapi?"

"Saba. Lakini mwambie mkubwa wako, huyu mdogo ameshachoka nayo. Anauliza kama hakuna nyama."

"Nilikuwa nafika huko," nikamwambia. "Swali linalofuata ni la nyama."